Danson Maghanga na Sehemu ya Ishirini na Sita

Jumanne moja ya mwezi wa nane, Danson Maghanga aliingia stoo yangu hapa Voi, akatua gunia la kabichi mlangoni, na kuniuliza kama projekta inaweza kuharibika bila mtu kuiharibu.

Mimi hukodisha vifaa vya sherehe: hema, viti, spika, jenereta na hiyo projekta. Harusi, mazishi, mahafali ya chekechea, hata mikutano ya wanasiasa wakilipa kwanza. Watu huja hapa kulilia bei au kunitisha na bei ya jirani. Hakuna aliyewahi kuja kuniomba kifaa kikatae kufanya kazi.

"Mzee, nikuletee chai?"

"Chai baadaye. Nijibu."

"Yangu haiharibiki."

"Waya hauwezi kukatika wenyewe?"

"Nazikagua kabla ya kupakia."

"Na mafuta ya jenereta yakiisha?"

"Natembea na mtungi wa akiba."

Akaketi juu ya kabichi zake, akavua kofia. Mtu wa miaka sitini na saba, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. "Kavinya," akasema, "nina beberu. Miaka miwili. Hajawahi kuugua hata siku moja."

Nilimfikiria huyo beberu, sitadanganya. Kisha nikafikiria ukumbi wa kanisa kule Mghange, ambako projekta hiyo ilikuwa imekodiwa Jumamosi, watu mia mbili wamekaa kwenye viti vyangu wakitazama kitambaa cheupe kisicho na kitu. Harusi zote kuanzia Mwatate hadi milimani zingehamia kwa mshindani wangu kabla ya Jumatatu. Beberu mmoja hawezi kufidia hilo, hata akiwa na pembe za dhahabu.

"Niambie kwanza kisa," nikamwambia. "Bei tutaongea baadaye."

Alichonieleza siku hiyo, pamoja na niliyookota kwa wengine baadaye, ndiyo maisha yake.

Danson alizaliwa Mghange, mtoto wa nne kwa mama aliyelima viazi na kabichi. Alishuka Voi akiwa kijana na kupata kazi stesheni ya reli. Kazi yake ilikuwa kugeuza reli, treni ya mizigo ikija iingie njia yake. Ni kazi ya kungoja saa nne, kukimbia dakika moja, kisha kungoja tena. Aliifanya miaka ishirini na minane, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyekuwa na neno juu yake, si zuri wala baya.

Ila mwaka wa 1989 televisheni ilianza kuonyesha mchezo wa vita wa Wazungu. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, na Mghange wote waliuita Ng'ambo. Ulihusu kikosi kimoja kilichokwama ukingoni mwa mto, maadui wako upande wa pili, na kila wiki wanatafuta namna ya kuvuka. Kulikuwa na Sajini Lewis, mkimya, sikio moja limekufa kwa bomu. Kulikuwa na mpishi Sylus, ambaye aliunguza maharagwe kila sehemu bila kukosa. Kulikuwa na muuguzi Valentine, aliyewaandikia barua wanajeshi wasiojua kuandika. Vita yenyewe ilikuwa ipi? Hakuna aliyejali. Ukienda Mghange leo utahesabu akina Lewis watano, akina Sylus watatu, na Valentine wa kike na wa kiume.

Televisheni ilikuwa moja tu, nyumbani kwa Wakesho, mke wa mwalimu. Kila Alhamisi jioni sebule yake iliingia watu hamsini. Kila mtu alikuja na kigoda chake na kuni moja ya jikoni. Aliyechelewa alisimama dirishani, na aliyekohoa wakati mto unasikika alitolewa nje. Danson alibadilishana zamu na mwenzake wa stesheni, Mutinda, ili kila Alhamisi awe amepanda mlimani. Sehemu ishirini na tano aliziona zote.

Sehemu ya ishirini na sita ilikuwa ya mwisho. Wiki hiyo Mutinda alikuwa na mazishi kwao Kibwezi, Danson akabaki na zamu Voi. Na jioni hiyo hiyo, huko juu mvua iliangusha mti kwenye nyaya za umeme, Mghange ikazimika. Walijaribu betri ya gari, haikuoana na ile TV. Mnara wa matangazo una jenereta yake, kwa hivyo Ng'ambo ilienda hewani kama kawaida na kuonekana nchi nzima, isipokuwa kwa watu walioipenda kuliko wote.

Danson naye, kati ya treni mbili za mizigo, alitoroka akaingia baa iliyokuwa karibu na stesheni. TV ilikuwepo, imewashwa. Mtu yeyote aliyeishi Voi miaka hiyo atakwambia picha ilikuwaje mvua ikinyesha mlimani: chenga. Chenga tupu, kama mchele unaopepetwa. Sauti tu ndiyo ilipita, nayo ilipigana na kelele za walevi. Danson alisimama pale dakika ishirini na sikio kwenye spika. Alisikia kwato za farasi. Akasikia mtu akiingia majini, baragumu kwa mbali, mwanamke akilia. Kisha treni ikapiga honi, akakimbia kazini.

Asubuhi alipanda mlima. Stendi ya Mghange alikuta watu arobaini wanamngoja yeye, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa Voi.

"Umeona?" Wakesho akamuuliza.

"Nimeona," Danson akajibu.

Neno moja tu hilo. Walimpeleka sebuleni, wakamkalisha kiti cha mwalimu, akaapa kwamba ameona, akawasimulia. Sajini Lewis aliingia mtoni usiku. Farasi mweupe alikuja ng'ambo kumpokea. Akavuka, baragumu la ushindi likapigwa, na Valentine akalia kwa furaha. Watu walipiga vigelegele. Wakio, aliyekuwa na mimba ya miezi tisa, alijifungua Jumapili, na mtoto akaitwa Lewis.

Mchezo haukurudiwa tena hewani, na waliouona kwingine hakuna aliyewauliza. Tangu hapo, kila mwaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, mashabiki wa Ng'ambo hukutana. Hula, huimba, huulizana maswali, na mwisho wa yote Danson husimama na kusimulia sehemu ya ishirini na sita. Ndiye mwenyekiti wao. Mtu ambaye stesheni haikumkumbuka hata siku ya kustaafu, Mghange anapigiwa makofi kabla hajafungua mdomo.

Sasa yule mtoto, Lewis wa Wakio, ana miaka thelathini na sita na ni fundi wa kompyuta Nairobi. Alikuwa ameitafuta sehemu hiyo miaka mitatu, akaipata, na mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa mwenyekiti. "Nimeipata, mzee. Kamili. Picha safi kama maji." Danson akasema Mungu asifiwe. Hajalala vizuri tangu siku hiyo.

"Kwa hivyo hukuona kitu," nikamwambia.

"Nilisikia."

"Mzee, mimi nauza na kununua. Kusikia mbuzi na kuona mbuzi si bei moja."

"Najua. Ndiyo maana niko hapa kwako na si kwa padri."

Nikamwambia ukweli kama ningemwambia mteja yeyote. Projekta itafanya kazi. Mchezo utaonyeshwa. Hiyo imepita, tusipoteze muda nayo. Kilichobaki cha kujadili ni kimoja: watu wajue kutoka kwa nani. "Nitakupa maikrofoni dakika tano kabla ya kuanza," nikasema. "Sikulipishi."

"Nikisema nimekwisha."

"Ukinyamaza utakwisha pia, tena ukiwa umekaa kiti cha mbele na kila mtu anakuangalia. Kukiri mwenyewe ni rahisi kuliko kukamatwa. Hata polisi hukupunguzia."

"Dakika kumi."

"Tano. Ukizidisha utaanza kuongeza farasi."

Alicheka kidogo, kwa shida. Kabichi aliniachia, beberu alibaki naye.

Jumamosi nilifika Mghange saa nne asubuhi na lori. Mlangoni mwa ukumbi alisimama mwanamke wa makamo amevaa kofia ya muuguzi, msalaba mwekundu umeshonwa kwa uzi wa sweta. Akanizuia na sanduku la spika mikononi.

"Daraja lilivunjwa mara ngapi?"

"Mama, nimekuja kuweka spika."

"Vizuri. Daraja lilivunjwa mara ngapi?"

"Mbili?"

"Nne. Ingia, lakini ukae nyuma."

Ndani kulikuwa na vurugu ambayo hata harusini sijaiona. Wanaume wenye mvi wamevaa sufuria kichwani kama kofia za chuma. Wenyeji waliohamia walirudi kutoka Marungu, Mombasa, mmoja kutoka Eldoret kwa basi la usiku. Jikoni walikuwa wanaunguza maharagwe makusudi, kwa heshima ya mpishi Sylus, na mzee mmoja alikuwa anaonja na kulalamika kwamba hayajaungua vya kutosha. Blanketi zilitundikwa madirishani kuleta giza. Walipoimba ule wimbo wa kuanzia, ambao hauna maneno, watu mia mbili wanavuma tu kwa pua, viti vyangu vya plastiki vilitetemeka. Nilikuwa nimekuja na hesabu ya kulala garini mpaka waishe. Sikulala.

Lewis, kijana mrefu mwenye miwani, aliunganisha kompyuta yake na projekta. Mama yake Wakio alikaa safu ya kwanza, gauni jipya. Kando yake Wakesho, miaka sabini na minane, mwenye televisheni. Na upande wa pili Danson, shati la pasi.

Nilimpelekea maikrofoni mwenyewe. Ukumbi ukatulia mara moja. Walidhani anaanza kama kila mwaka.

"Ndugu zangu," akasema, "sehemu ya mwisho nimewasimulia miaka thelathini na sita." Makofi. Akangoja yaishe. "Sikuiona."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani.

"Nilikuwa baa. TV ilikuwa chenga. Nilisikia sauti tu, tena si zote. Mengine nilijaza mwenyewe nikipanda mlima. Nilipofika stendi mlikuwa wengi, na mlikuwa mmelowa. Nikasema nimeona. Ndiyo hiyo."

Akarudisha maikrofoni. Alikuwa ametumia dakika moja na robo.

Wakesho akageuka polepole kwenye kiti. "Danson. Uliapa sebuleni kwangu. Kwenye kiti cha marehemu mume wangu."

"Niliapa, mama."

"Na farasi?" sauti ikatoka nyuma. "Farasi mweupe?"

"Nilisikia kwato."

"Weupe uliusikiaje?"

Ukumbi ukalipuka. Wengine walicheka, wengine walipiga miluzi, mwenye sufuria kichwani alisimama akitaka arudishiwe miaka yake. Mmoja akapaza sauti, "Mimi farasi huyo nimemchora ukutani kwangu!" Mwingine akamjibu kwamba mchoro wenyewe unafanana na punda, kwa hivyo hasara ni ndogo. Wakio peke yake hakucheka. Alimsogelea Danson mpaka bega likagusa bega.

"Mwanangu niliyempa jina ni huyu hapa," akasema. "Sikumpa jina la maiti. Kama yule mtu alikufa mtoni, Danson, tutaonana."

Lewis akawasha.

Mchezo ulikuwa wa dakika arobaini na tano. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, safi, na mto ulikuwa mpana kuliko walivyoukumbuka. Sylus alipotokea na sufuria yake walimpigia makofi kama jamaa aliyerudi kutoka Uarabuni. Kikosi kilipata amri ya kuvuka. Ikasikika sauti ya kwato, tk-tk-tk-tk, na ukumbi mzima ukamgeukia Danson. Kamera ikasogea. Ilikuwa mashine ya taipu. Karani alikuwa anachapa orodha ya majina.

"Farasi huyo anakula karatasi," Wakesho akasema, na kicheko kilichukua dakika nzima. Ilibidi Lewis arudishe nyuma. Danson mwenyewe alicheka mpaka akajipangusa macho.

Kisha usiku ukaingia mtoni. Wenzake wote walishavuka kwa mashua, na mashua ikirudi kumchukua ikapigwa risasi ikazama. Sajini Lewis alikuwa amebaki upande huu peke yake, taa ya mafuta mkononi. Akaangalia maji. Akainua taa, akaipuliza.

Kitambaa changu kikawa cheusi tii.

Niliruka kama nimechomwa. Miaka kumi na moja ya biashara, na inazimika leo. "Kavinya!" watu wakaita kutoka pande zote. Nilimwona Danson amenigeukia, macho yamemtoka, anatikisa kichwa kwamba hapana, hakuniomba tena, si yeye. Nilishika waya. Ulikuwa moto, taa ya projekta inawaka.

"Iko sawa," Lewis akasema kwa sauti ya juu. "Ndivyo walivyotengeneza. Sikilizeni."

Tukasikiliza gizani. Vyura. Buti kwenye changarawe. Mtu akiingia majini. Maji, maji, muda mrefu maji. Baragumu kwa mbali, upande gani hujui. Mwanamke analia. Kisha ule wimbo usio na maneno, na majina meupe ya waigizaji yakaanza kupanda.

Ndiyo hiyo. Hakukuwa na picha nyingine. Nchi nzima, pamoja na wenye televisheni nzuri kuliko zote, waliona giza lile lile.

Nimeshuhudia mnada wa ng'ombe Miasenyi, nimeshuhudia kura za kata zikihesabiwa, lakini kelele kama zile sijawahi kuzisikia. Watu walisimama juu ya viti vyangu. "Amevuka!" "Amevuka wapi, umesikia akitoka?" "Baragumu ni la kwetu." "Ni la adui, sikiliza mlio, sehemu ya tisa walipiga hivyo hivyo." "Sehemu ya tisa ilikuwa tarumbeta, wewe ulikuwa dirishani." "Yule mwanamke ni Valentine." "Kwani Valentine ndiye mwanamke peke yake anayelia?" Mzee aliyetoka Eldoret alikuwa amemshika mwenzake kola, wote wanacheka, machozi yanawatoka.

Mwenye sufuria akatangaza kwamba basi Danson hana kosa, kwa sababu aliona walichoona wote. Wakesho akapiga kiti kwa fimbo.

"Kosa liko pale pale. Sikumuuliza amesikia nini. Nilimuuliza umeona, akasema nimeona. Uenyekiti umetoka, na masufuria yote ya maharagwe ataosha yeye."

Waliokubali waliinua mikono. Danson aliinua wake pia. Wakachagua mwenyekiti mpya pale pale, yule mwanamke wa mlangoni mwenye kofia ya muuguzi, bila kura, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpinga. Danson alihama kiti cha mbele bila kuambiwa, akaenda kukaa safu ya nne.

Wakio alisimama. Kelele zilipungua zenyewe.

"Danson," akaita. "Sisi tumesikia leo. Wewe ulisikia mwaka ule na umesikia leo. Usinifurahishe. Mwenye jina yuko hapa, ni mtu mzima, atavumilia. Umesikia nini?"

Mia mbili wakamgeukia. Ilikuwa rahisi sana kwake kusema amevuka. Robo tatu ya ukumbi wangembeba juu juu, pengine na uenyekiti ungerudi. Mimi ningesema. Aliinamisha kichwa, akakaa hivyo kitambo, kama mtu anayengoja treni aisikie kwenye reli kabla haijaonekana.

"Nimesikia mtu akiingia," akasema. "Akitoka, sijasikia. Hata ule mwaka sikusikia."

Hakuna aliyezomea. Wakio aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa chenji yake kamili.

"Lakini hukusikia pia akizama," akasema.

"Kuzama pia sijasikia."

"Sawa." Akamgeukia mwanawe. "Lewis, rudisha. Kuanzia taa."

Lewis akarudisha. Tulisikiliza mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne Danson aliinua mkono, na watu wakanyamaza kwa ajili yake kuliko walivyowahi kunyamaza akiwa na farasi mweupe. Alisema kuna kitu kidogo baada ya baragumu, kabla ya yule mwanamke, ila jenereta inakifunika.

"Kavinya," mwenyekiti mpya akaniita, "hiyo jenereta yako."

Muda wangu wa kukodiwa ulikuwa umekwisha zamani. Nilichukua wanaume wanne, tukaiinua ikiwa bado inanguruma, tukaipeleka mpaka nyuma ya jiko la kanisa, waya umevutika wote. Kisha nikakimbia, viatu mkononi, niwahi kabla Sajini hajapuliza taa.